Vidaka Vilivyozibwa

Tatu amezikwa Kerege, kwa mwanawe wa mwisho, nami nilikaa matangani mpaka hitima ilipokwisha. Siku moja baada ya chakula cha mchana, tulipokuwa tumejinyoosha kwenye majamvi, mjukuu wake mmoja aliniuliza nilijuana wapi na bibi yake. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja Bagamoyo, kwa Mzungu mmoja, yeye akipika na mimi nikisafisha ukuta. Msichana akaitikia kwa adabu. Niliona usoni mwake kwamba alidhani nilikuwa nikifuta kuta za nyumba ya bwana kwa kitambaa cha maji. Sikumsahihisha, wanaume walikuwa wanaanza kusoma barazani na watu wakanyamaza. Lakini tangu nirudi kwangu nimekuwa nikimjibu tena na tena msichana yule, nikipepeta mchele au nikingoja chai ichemke, na kila nikimjibu jibu linakuwa refu zaidi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla maneno ya uhuru hayajafika barazani kwetu. Nilikuwa nimetoka Pangani kwa mume kuja kujifungua kwa mjomba wangu, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Nikajifungua salama, mtoto wa kike, tukamwita Zena, na Zena hakufika arobaini. Mume wangu alikuja kuhani na mama yake. Yule mama alikaa kwenye kitanda changu, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya samaki, kwamba mwanawe amejitwika mwanamke mwenye mkosi. Mjomba alimsikia kutoka ukumbini. Akaja mpaka mlangoni, akamwambia, "Mama, katika nyumba hii maneno hayo hayasemwi. Nyamaza au ondoka." Wakaondoka wote wawili, na talaka ikafuata baadaye kwa mkono wa mtu. Mimi nikabaki katika chumba kile cha uani, chenye dirisha moja dogo na kitanda cha kamba, na miezi mingi sikuwa na la kumwambia mtu.

Nyumba ya mjomba ilikuwa ya ghorofa moja, ya mawe, katika mitaa ya zamani karibu na pwani. Chini palikuwa na chumba kirefu kilichokuwa ghala la kopra, na ingawa kopra yenyewe ilikuwa imekwisha kitambo, harufu yake ilibaki kwenye kuta, nzito na tamu, hata leo nikipita penye nazi zinazoanikwa naiona sakafu ile. Mjomba alipangisha ghorofa na ghala kwa Mzungu aliyekuja kuchimbua magofu. Watu walimwita Bwana Brashi, kwa sababu ya burashi zake ndogo alizozichomeka katika mfuko wa shati kama kalamu. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, Kiswahili chake sanifu ila ulimi mzito. Pamoja naye alikuja Fundi Makame, mwashi wa Unguja, mtu mzima aliyezijua chokaa za kale kwa kuzigusa. Na Tatu, aliyekuwa rika langu, aliajiriwa kuwapikia. Mjomba hakuipenda kazi yao, lakini kodi aliipokea. Alipoulizwa barazani alijibu, "Wao wanachimba huko. Hapa wanalala tu."

Jumba lililokuwa likichimbuliwa lilikuwa kusini ya mji, nyuma ya mikoko. Watu wa kwetu waliliita Kwa Mfalme, na hakuna aliyekumbuka mfalme gani. Habari yake ilikuwa moja tu, nami niliisikia tangu utotoni, na mwaka ule nikaisikia tena na tena kupitia dirisha la baraza, kwa sauti ya mjomba mwenyewe. Kwamba mfalme yule alikuwa na mali mpaka akakufuru. Kwamba wakeze wakiosha sakafu kwa maziwa, wakipangusa watoto wao kwa mikate ya ngano. "Mwenyezi Mungu akawafuta," mjomba alikuwa akimalizia. "Hata majina yao hakuyaacha." Wazee wenziwe wakiguna kukubali, kahawa ikiendelea kumiminwa. Mimi nilikuwa ndani, nikishona ukili, na sikuwa na fikra yoyote juu ya watu wale. Waliokufa walikuwa wengi, na mmoja wao ndiye aliyenihusu.

Vipande vya lipu vililetwa kwa makapu na kutandazwa ghalani juu ya mikeka: vipande vyeupe, vingine vya ukubwa wa ganda la kome, vingine vya sahani, vyote na nakshi. Asubuhi moja Tatu alikuwa na homa, akaniomba nifagie ghala badala yake. Nilifagia, kisha nikachuchumaa. Niliona jani lililokatika katikati, na pembeni mwa mkeka mwingine nikaona nusu yake. Nikaziweka pamoja, zikashikana. Nikatafuta shina la jani. Sijui nilikaa muda gani; nilichokumbuka baadaye ni kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimesikia kilio cha mtoto masikioni mwangu. Nilipogeuka, Fundi Makame alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Umepata waridi zima," alisema.

"Samahani, Fundi. Sikutaka kuharibu."

"Hujaharibu. Endelea. Mimi sijakuona."

Baada ya siku chache ndiye aliyezungumza na Bwana Brashi, na Bwana Brashi akazungumza na mjomba. Mjomba alikataa kwanza. Mwanamke kijana, aliyeachwa, kwenda kukaa porini na wanaume? Kilichomgeuza ni Tatu, aliyemwambia waziwazi akiwa amebeba sufuria kichwani, "Mzee, mimi ninapeleka chakula huko kila siku na nakaa mpaka jioni. Atakuwa nami. Na ukimwacha chumbani mle utamzika." Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia mjomba neno kama hilo. Siku iliyofuata nilikwenda.

Sasa nimekuwa mzee kuliko mjomba alivyokuwa wakati ule, na nimekwisha kuona nyumba nyingi zikijengwa na kubomoka, lakini chumba kile nakiona kuliko chumba ninacholala. Kilikuwa cha ndani kabisa katika jumba, nyuma ya ukumbi na nyuma ya ukumbi mwingine, pale ambapo katika nyumba za kale za pwani wanawake walijifungulia na maiti waliogeshewa. Dari lilikuwa limeangukia humo na kukijaza, na ndiyo maana kuta zake zilisalimika zilipoanguka za vyumba vya mbele. Mizizi ya mkuyu ilikuwa imeshuka pembeni kama kamba. Vile vipande vya ghalani vilitoka kumbi za mbele, ambako nakshi ilikuwa imepasuka ovyo pamoja na kuta. Lakini chumba cha ndani, tulipokiondolea kifusi, kilikuwa na ukuta mtupu upande wa kaskazini. Mweupe, sawasawa, bila hata mstari.

"Haiwezekani," Bwana Brashi alisema. "Chumba kama hiki ndicho kilichopambwa zaidi kuliko vyote."

Fundi Makame aliugonga ukuta kwa kidole, huku na huku, kama mtu anayechagua nazi. Kisha akaweka sikio. "Kuna uwazi nyuma," alisema. "Umezibwa."

Kazi ya kuuzibua akanipa mimi. Alinichongea kijiti cha mwanzi, bapa upande mmoja, kwa sababu chuma kingekwaruza. Niliumwagia maji kidogo kidogo, nikangoja yaingie, nikainua lipu ya juu gamba kwa gamba. Nyuma yake mlikuwa na udongo laini uliochekechwa, na nyuma ya udongo, vidaka: vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vya thamani, safu juu ya safu mpaka juu ya kimo changu, kila kimoja na upinde wake uliochongoka kileleni, na ukingo wa kila upinde umechongwa kama kamba iliyosokotwa. Baina ya vidaka mlikuwa na mawaridi, na chini yake mistari iliyokaa kama mifupa ya samaki. Hakuna ukingo uliovunjika. Fundi Makame alikuja jioni kuniangalia, akapitisha kiganja hewani karibu na ukuta bila kuugusa. "Aliyeziba hapa hakuwa na hasira," alisema. "Alichekecha udongo kwanza asije akaumiza nakshi. Mtu mwenye hasira hachekechi udongo."

"Labda mtindo ulibadilika," Bwana Brashi alisema.

"Labda," Fundi alijibu.

Tulikula pamoja kivulini, wanaume mkeka wao na sisi wetu. Tatu alipika muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, na siku ya Ijumaa, tuliyoshinda nyumbani, wali na mchuzi wa pweza. Bwana Brashi alianza na kijiko, na baada ya muda akala kwa mkono, vibaya, nazi ikimtiririka mpaka kiwikoni, na Tatu akigeuka upande kucheka. Tatu alikuwa akinisimulia umbea wote wa mji ili nicheke na mimi. Siku nilipocheka kweli aliacha kula, akaniangalia, halafu akaendelea kama hakuona kitu. Katika matanga yake nilitaka sana kumweleza mtu jambo hilo, nikaona halielezeki.

Nilikuwa nimefika chini ya ukuta, miguuni mwa kidaka cha katikati, nilipoona sakafu pale imekwanguliwa na kupigwa lipu upya. Kiraka chenyewe hakikuzidi upana wa sinia. Bwana Brashi alichukua punje ya lipu ya kiraka na punje ya lipu iliyoziba ukuta, akazitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akampa Fundi atazame. Ilikuwa mchanganyiko mmoja, mchanga ule ule, mkaa ule ule. Akaniambia nifungue. Nilifungua polepole, nikafikia udongo uliochekechwa, nikapiga burashi, na mifupa ikatokeza. Ilikuwa myembamba kama njiti za ukuti. Fuvu lilikuwa limebonyea, lakini lilijulikana.

Hakuna aliyelazimika kuniambia. Bwana Brashi alipiga magoti kando yangu, akavua kofia. "Mtoto mchanga," alisema kwa sauti ya chini. "Huenda alizaliwa kabla ya siku zake."

Wanaume waliokuwa wakibeba kifusi waliweka majembe chini. Fundi Makame alisimama juu yetu, akatazama jua liliko, kisha akasema, "Amelazwa ubavu wa kulia. Uso kaskazini. Kibla."

Bwana Brashi alichora mahali pale, akapima. Halafu akaniambia, "Mwanahawa, mkono wako ndio mwepesi kuliko yetu. Mnyanyue wewe. Kuna sanduku lenye pamba." Nilimwambia sitamnyanyua. Hakukasirika. Akarudia, akadhani sikumwelewa. Nikamjibu tena, kwa hofu, kwa sababu kazi ile ndiyo iliyokuwa imenitoa chumbani, na nilijua mtu anayekataa kazi anaweza kuondolewa. "Nitakusafishia ukuta wote," nilisema. "Lakini mtoto sitamtia sandukuni."

Tulimfunika kwa gunia safi, tukarudi mjini. Alasiri nilikuwa uani nikimsaidia Tatu kukuna nazi, na maneno yalitufikia kutoka ghalani, mlango ukiwa wazi. Bwana Brashi alikuwa akisema kwamba akimwacha mle, masika yakipita wachoma chokaa watakuja kuchukua mawe, kama walivyofanya magofu mengine yote, na mifupa itakwenda tanuruni pamoja na ukuta. "Nikimchukua atahifadhiwa," alisema. "Nikimwacha atapotea. Niambie jingine, Fundi. Nataka kulisikia."

"Azikwe," Fundi alisema.

"Wapi? Nimemuuliza mwenye nyumba hii. Amesema makaburi ya mji si ya watu waliofutwa na Mungu."

Tatu aliacha mbuzi ya nazi. Aliniangalia, na ndipo nilipojua kwamba neno hilo nitalisema mimi.

Mjomba alikula chakula cha jioni mapema, kabla ya magharibi, kama kawaida yake, ukumbini peke yake. Nilimpelekea maji ya kunawa nikabaki nimesimama na birika.

"Mjomba," nilisema, "yule mtoto ana kosa gani?"

Alikuwa akimega tonge. "Mtoto hana kosa. Nyumba yao ndiyo yenye kosa."

"Walimlaza kibla."

"Nimesikia."

"Walioosha sakafu kwa maziwa ndio waliomlaza kibla, wakaziba ukuta mzima. Watu wa nakshi kama zile, wakaziziba wasizione." Nikahamisha birika mkono wa pili. "Mama mkwe alipokuja hapa akasema mimi nina mkosi, ulimfukuza. Hukumuuliza kama ni kweli. Ulimwambia tu hayasemwi katika nyumba hii."

Mjomba hakuinua uso. Alikula mpaka akamaliza, akanawa, nikampa kitambaa. Adhana ikaanza, akaondoka kwenda msikitini bila kunijibu. Nilijua nimevuka mpaka, na sikujua kama kesho nitakuwa na ruhusa ya kutoka.

Nikiyakumbuka haya naona namna mjukuu wa Tatu atakavyouliza, kwa kuwa ni mtoto wa shule: ukuta uko wapi? Haupo. Safu moja ya vidaka ilikatwa kwa misumeno ikapelekwa Dar es Salaam kwa lori, imefungwa kwa magunia na majani ya migomba. Zilizobaki, Bwana Brashi alizifukia tena kwa mchanga kabla hajaenda zake, akitumaini mchanga utazilinda. Masika hayo hayo mkuyu ulianguka na kuubeba ukuta. Wachoma chokaa wakaja kama alivyosema. Miaka mingi baadaye nilipita hapo na wanangu, nikaona minazi michanga na mtama wa mtu. Fundi Makame alirudi Unguja, tukapelekeana salamu mpaka alipofariki. Hata kwa nini hasa vidaka vilizibwa hatukujua. Bwana Brashi alisema mpaka mwisho kwamba lipu ni moja, hilo anaweza kuliapia, lakini sababu hawezi kuisema, na nilimheshimu kwa kutoisema. Mimi nina sababu yangu, na sikumlazimisha mtu kuikubali.

Kesho yake asubuhi, baada ya maneno yangu ya ukumbini, mjomba alikuwa amevaa kanzu na kofia mapema, na kwapani ameshika furushi. Hakuniambia kitu zaidi ya, "Twende." Tulitembea pamoja mpaka Kwa Mfalme, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu kazi ianze. Wachimbaji walimwamkia, "Shikamoo, mzee," akawaitikia, akapita kumbi zilizobomoka bila kutazama kulia wala kushoto, akashuka chumba cha ndani. Nakshi zilikuwa mbele yake, jua la asubuhi likiziingia kutoka pembeni, kila waridi na kivuli chake. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akachuchumaa, akainua gunia, akatazama na pale pia.

Akafungua furushi. Ilikuwa bafta nyeupe, iliyokunjwa vizuri, na harufu ya karafuu maiti. Sote tuliijua ni nini: wazee wetu huweka sanda zao sandukuni zikiwa tayari. Akauma ncha kwa meno, akararua kipande, na sauti ya nguo ikipasuka ndiyo iliyokuwa sauti pekee mle ndani.

"Mwanahawa," alisema, "sasa mnyanyue."

Nilimnyanyua. Kila mfupa niliupokea kwa vidole na kuulaza kwenye bafta, na Bwana Brashi alikaa kando akiwa kichwa wazi, asiandike. Nilipomaliza mjomba alifunga ncha, nikampa furushi mikononi. Wanaume wakaondoka naye, Fundi mbele, na mimi na Tatu tukabaki, kwa kuwa wanawake kwetu hawaendi mazikoni. Tatu alishika mkono wangu. Ilikuwa vile vile mwaka uliotangulia: nilikabidhi mlangoni, wanaume wakaondoka, na nikabaki nikitazama migongo yao.

Mjomba alirudi nyumbani alasiri. Alinawa miguu uani, akakaa kwenye ngazi. Nikamletea chai.

"Nimemweka upande wa mashariki, karibu na ukuta," alisema. "Ubavuni kwa Zena."

Nilikuwa bado nimeshika kikombe. Tangu azikwe hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina hilo mbele yangu.

"Hukuwahi kuniuliza yuko wapi," aliendelea. "Nikadhani hutaki kujua."

"Nilidhani mwanamke haulizi, mjomba."

Alipangusa miguu kwa kiganja. "Nilishuka kaburini mimi mwenyewe. Nilimpokea mimi. Sanda ilikuwa kubwa kwake, nikaikunja miguuni isimsumbue. Nikamwegemeza bonge la udongo mgongoni asigeuke. Nikakaa naye kidogo kabla hawajaleta mbao. Walinihimiza, nikawaambia wangoje."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya ua na kulia, kwa mara ya kwanza bila kujificha, na hakunizuia. Chai ilipoa. Nilipoweza kusema nilimwomba anipeleke.

Alifikiri, akatazama mlango wa nje. "Siku ya maziko wanawake hawaendi," alisema. "Lakini Zena alizikwa mwaka jana."

Akatafuta makubazi yake, akavaa. Nikajitanda buibui. Tulipita nyuma ya msikiti, yeye mbele, mimi nyuma yake, akiitikia salamu za watu kama siku yoyote, mpaka penye ukuta wa mawe na lango lisilo na mlango. Palikuwa na matuta mawili madogo. Moja udongo wake ulikuwa bado umelowa. La pili lilikuwa limeota majani marefu. Nikapiga magoti nikaanza kuyang'oa, na mjomba akasimama kando, mikono nyuma, akiningoja nimalize.